Kufumua Ni Nusu ya Kushona

Mtu akiona gauni limemkaa mwenzake vizuri husema, "Huyu fundi ana mkono." Hasemi fundi ana gunia la mashuka ya mtumba yaliyokatwakatwa uvunguni mwa meza, wala wembe uliokwisha makali kwa kufumua. Neno hilo la mkono limewaondoa wengi kwenye cherehani. Mwanafunzi anakaa wiki mbili, mshono wake unakwenda upogo, jirani yake aliyeanza siku hiyohiyo tayari anashona mfuko. Anajihukumu mwenyewe kwamba hakuzaliwa na kitu hiki, anaacha.

Yanayofuata ni mwaka mmoja wa kujifunza kushona kwa cherehani ya miguu, tangu siku ya kwanza hadi mteja anayelipa, jinsi unavyokwenda kwa walio wengi: panapouma, panapopotea pesa, na zoezi gani linatibu kosa gani. Yanamhusu anayejifunza kwa fundi mtaani, anayesoma chuo cha ufundi cha VETA, na anayefundishwa sebuleni na dada yake.

Wepesi wa mkono upo, tusidanganyane. Lakini ukiuliza vizuri utakuta aliye mwepesi alilelewa chini ya meza ya mama mshonaji, akiokota vifungo na kusikia mdundo wa pedeli kabla hajajua kusoma. Alianza mapema tu, hamjui. Na faida hiyo huishia kwenye kola, mnamo mwezi wa sita au wa saba. Pale ndipo mwepesi aliyezoea mambo kujipa hukutana na kitu kisichojipa, na hana desturi ya kurudia. Aliyekuwa mzito ameshafumua mara mia; kola kwake ni shida nyingine tu miongoni mwa shida alizozizoea.

Miguu kwanza

Gurudumu la mkono lazima lizunguke kuja kwako. Likirudi nyuma hata nusu mzunguko, uzi hukatika au hujisokota ndani, na mwanafunzi hudhani cherehani ni mbovu. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo usitie uzi wala kitambaa. Inua kile kiguu cha kukandamizia kitambaa, legeza kirungu kilicho katikati ya gurudumu la mkono ili sindano itulie wakati gurudumu linazunguka, kisha kanyaga. Vua viatu. Nyayo zote mbili ziwe juu ya pedeli, wa kulia mbele kidogo, wa kushoto nyuma. Mkono uanzishe gurudumu, miguu ipokee.

Zoezi lenyewe halina utamu. Mizunguko ishirini, simama. Kumi, simama. Mitano, simama. Mmoja, simama. Robo saa asubuhi na robo saa jioni. Anayeliruka zoezi la kusimama ndiye atakayeshindwa kugeuza kona mwezi wa tatu, kwa sababu kona inataka breki, haitaki mwendo. Na usijaribu kuyalipa yote Jumamosi kwa saa tatu mfululizo. Misuli ya miguu ikichoka inaanza kukanyaga ovyo, na miguu hushika ovyo hilo kama inavyoshika jema.

Wiki ya pili ni karatasi. Chukua daftari la mistari na sindano iliyokwisha kazi, maana karatasi hutia sindano ubutu na ni hasara kutumia mpya. Bila uzi, pitisha sindano juu ya mstari hadi mwisho wa ukurasa, kisha inua karatasi uielekeze dirishani. Matundu yatapitisha mwanga, nawe utaona ulipotoka njiani.

Kosa la kila mtu hapa ni kutazama sindano. Sindano inapanda na kushuka tu, haielekei kokote. Macho yatazame ukingo wa kile kiguu na mstari ulio mbele yake, kama dereva anayetazama barabara badala ya usukani. Kosa la pili ni kuvuta. Chini ya kiguu kuna meno yanayosogeza kitambaa. Kazi ya kusogeza ni yao, mikono yako inaongoza tu. Ukivuta, sindano hupinda, hugonga bamba la chuma na kuvunjika, na kipande chake huweza kurukia jichoni. Sindano nyingi zinazovunjika mwezi wa kwanza zimevunjwa na mikono yenye haraka.

Kurasa kumi za mistari iliyonyooka. Kisha miraba: ukifika pembeni, acha sindano ikiwa imezama, inua kiguu, geuza karatasi, shusha kiguu, endelea. Kisha mviringo unaojizungusha kama gamba la konokono, kisha mawimbi. Andika tarehe kwenye kila karatasi na usitupe hata moja. Siku utakapotaka kuacha, na itakuja, shika ya kwanza na ya ishirini pamoja mbele ya mwanga.

Uzi unapoingia

Hapa ndipo machozi ya kwanza hutoka. Chini ya kitambaa panaota kichuguu cha nyuzi, cherehani inakwama, na kila anayepita ana ushauri. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: kichuguu kikiwa chini, kosa mara nyingi liko juu. Uzi wa juu haukuingia kati ya vile visahani viwili vya kuubana, kwa hiyo hauna mkazo na unamwagika. Pitisha uzi huku kiguu kikiwa kimeinuliwa, maana wakati huo visahani viko wazi. Ukipitisha kikiwa chini, uzi hukaa juu ya visahani badala ya kuingia kati yake.

Sindano nayo ina uso. Upande mmoja wa shina lake ni bapa, upande mwingine una mfereji mrefu. Uzi huingia tunduni kutokea upande wa mfereji. Ukiiweka kinyume, au usipoisukuma juu hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu, mshono utaruka hatua au hautashika kabisa. Kwa kitenge na pamba ya kawaida tumia namba 14. Kwa kitambaa chepesi namba 11. Kwa kaki na jinzi namba 16. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, vina sindano yao yenye ncha ya mviringo, na bila hiyo utalaumu cherehani mwezi mzima. Badilisha sindano baada ya saa nane hivi za kushona. Kuibakiza sindano butu ili kuokoa senti ni kununua kitambaa kilichotobolewa.

Kupima mkazo, tumia rangi mbili: uzi mwekundu juu, mweupe kwenye bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), hatua za milimita 2.5 hivi. Shona mstari mmoja kisha utazame pande zote mbili. Weupe ukichungulia juu, mkazo wa juu umezidi, legeza kidogo. Wekundu ukionekana chini, kaza. Ukikosa usawa kwa juu peke yake, angalia bobini: tia bobini kwenye kikasha chake, shika mwisho wa uzi na ukiachie kikasha kining'inie. Ukitikisa mkono kidogo kinatakiwa kishuke kidogo na kusimama. Kikiporomoka hadi chini kimelegea. Kisipoteremka kabisa kimebana. Skrubu yake ni ndogo na hupotea sakafuni, basi fanya kazi hiyo juu ya sahani, na uigeuze sehemu ndogo sana kwa wakati mmoja.

Mafuta: tone moja kwenye kila tundu la mafuta, kisha shona kwenye kitambaa chakavu hadi kisitoe doa. Yawe mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda ndani na kugeuka ulimbo, na kuusafisha ni kazi ya siku nzima.

Tenga kwa mwaka huo pakiti mbili tatu za sindano, bobini sita za akiba, tepu mbili (moja itavutika au kupotea), chaki, mkasi wa kitambaa ambao nyumba nzima imeapa haitakatia karatasi, na mashuka ya mtumba. Shuka moja kubwa la pamba linatosha kwa wiki nyingi. Usijifunzie kwenye kitambaa kipya, kwa kuwa woga wa kukiharibu hukaza mabega, na mabega yakikazwa mstari unapinda.

Foronya kumi

Mwezi wa pili na wa tatu ni wa vitu vya mistari minne: foronya, mifuko, vitambaa vya meza. Kata vipande viwili vya inchi 21 kwa 31, shona pande tatu ukiacha nusu inchi pembeni, kisha kunja mdomo inchi moja. Rahisi. Sasa zipime. Pima upana juu, katikati na chini, andika kwenye daftari. Foronya ya kwanza huweza kutofautiana inchi nzima kati ya juu na chini, na mshonaji asiyepima haoni, anaona foronya. Ya kumi ikitofautiana chini ya robo inchi, songa mbele. Isipofika hapo, shona nyingine tano. Hakuna mtihani mwingine wenye haki kama huo, na hauulizi mama yako alikuwa nani.

Kufumua nako kunafundishwa. Wengi hushika wembe na kupasua katikati ya vitambaa viwili kwa hasira, na siku moja wembe unakula kitambaa chenyewe. Kata hatua moja kila baada ya nne au tano kwa upande mmoja tu, geuza, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima kama mzizi wa mchicha. Ondoa vipande vya uzi, piga pasi matundu yajifunge, ndipo urudie. Kitambaa kimoja huvumilia kufumuliwa mara mbili tatu mahali pamoja, baada ya hapo huanza kuchakaa ukingoni.

Kufumua kuna faida ambayo kushona hakuna. Mkono unaofumua unapita polepole juu ya kosa lake, hatua kwa hatua, na unagundua mahali lilipoanzia. Mara nyingi si pale linapoonekana. Mstari uliopinda katikati ulianza kupinda inchi tatu kabla, ulipoinua macho kujibu salamu. Kwa hiyo baada ya kila kufumua andika sentensi moja: tarehe, kilichoharibika, sababu. "Pindo limesokota, sikupiga pasi kabla ya kushona." Baada ya miezi miwili soma daftari lote kwa mkupuo. Utakuta makosa yako si mia, ni manne au matano yanayovaa nguo tofauti.

Hapa bidii nayo inaonekana udhaifu wake. Kurudia peke yake hakumtengenezi mtu. Wapo mafundi wenye miaka kumi kwenye kibanda ambao kola zao hadi leo zinapinda ncha. Hawakukosa bidii; wanashona kuanzia alfajiri. Walirudia kosa lilelile mara elfu mpaka likawa ndilo pigo lao. Jitihada isiyosahihishwa hukomaza kosa kama jua linavyokomaza udongo wa tofali. Tafuta jicho la pili: fundi mzoefu, au mwanafunzi mwenzako, au hata ile nguo nzuri ya dukani uigeuze ndani nje uilinganishe na yako.

Hilo la kugeuza ndani nje lina zoezi lake, na ni bora kuliko mengi yanayofundishwa kwa maneno. Nunua shati la mtumba lililoshonwa vizuri. Lifumue lote, kipande kwa kipande, ukiandika namba kwa chaki kadiri unavyotoa: cha kwanza kutoka ndicho cha mwisho kushonwa. Ukimaliza una ruwaza ya shati mezani, yaani vipande vya mfano vya kukatia, na mpangilio wa kazi kwenye daftari, ukisomwa kutoka chini kwenda juu. Kisha lishone tena. La kwanza litakula siku mbili tatu na litaonekana limetoka vitani.

Kukata hakurudi

Mshono hufumuliwa, mkasi hauna msamaha. Ndiyo maana mwezi wa nne hadi wa sita ndio ghali kuliko yote, na ndio wenye aibu zaidi, hasa ukikatia nguo ya ndugu aliyekuamini.

Anza na kupima. Mpime mtu mmoja siku tatu tofauti bila kutazama namba za nyuma: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, urefu wa mkono. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu inchi, bado hujajua kupima. Makosa ni yaleyale: tepu imeteremka mgongoni wakati wa kupima kifua, mtu amebana tumbo, au amepimwa juu ya sweta. Mfunge kamba kiunoni kabla ya kupima ili urefu wote uanzie mahali pamoja. Kwenye kifua cha gauni la kitambaa kisichovutika ongeza inchi mbili hadi nne, la sivyo mvaaji ataweza kusimama lakini hataweza kunyanyua sahani.

Loweka pamba kabla ya kukata. Kitambaa kinachorudi inchi moja kwa kila yadi si cha ajabu, na gauni lililokatwa kabla ya kurudi litakuja kurudi likiwa mwilini mwa mteja. Kausha, piga pasi, kisha tafuta mnyoofu wa kitambaa kwa kuchomoa uzi mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Vitenge vingi hukunjwa upogo dukani; ukiamini mkunjo wa duka, gauni litasokota mguuni. Na khanga ina sheria zake: pindo, mji na jina. Kuna mwanafunzi katika kila darasa atakayemkatia shangazi gauni la khanga huku jina likisomeka juu chini mgongoni.

Tazama michoro. Ndege wa kitenge akiwa na kichwa juu mbele, asiwe na kichwa chini nyuma. Ua kubwa likae katikati ya kifua au lisikae kabisa. Likiangukia ziwa moja, watu wataona hilo tu.

Mikono miwili ya kushoto. Kila anayejifunza ataikata angalau mara moja. Hutokea ukikata mkono mmoja kwanza, kisha ukauweka juu ya kitambaa uso ukiwa juu na kuufuata. Kata ikiwa kitambaa kimekunjwa uso kwa uso, au geuza ruwaza. Sehemu ya mbele ya kwapa imechimbwa zaidi kuliko ya nyuma, hivyo weka alama moja ndogo mbele na mbili nyuma, kwenye mkono na kwenye kiwiliwili.

Sketi ya duara inatisha watu kwa sababu ya hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Kiuno mara 7, gawanya kwa 44, unapata nusu kipenyo cha tundu. Kiuno cha inchi 28: 28 mara 7 ni 196, ukigawanya kwa 44 unapata 4.45, chukua 4 na nusu. Hapo ndipo mshono utakapopita. Pa kukata ni ndani zaidi, inchi 4, ili ibaki nusu inchi ya kushonea. Wanaoanza hufanya kinyume: wanaongeza nusu inchi kwa nje, wanakata 5. Kati ya 4 na 5 ni inchi nzima ya nusu kipenyo, nayo ni inchi 6 na zaidi za kiuno, na sketi inateleza hadi magotini. Sketi ya urefu wa inchi 24 haitoki duara zima kwenye kitenge chenye upana wa inchi 45 hivi. Kata nusu duara mbili, nazo zitakula karibu yadi tatu na robo bila nafasi ya kosa. Ukimaliza itundike usiku kucha kabla ya kukunja pindo. Sehemu zilizokatwa mshazari hujivuta chini zenyewe, na pindo lililokunjwa siku hiyohiyo litakuwa na mikia asubuhi.

Kabla ya kukata kitambaa cha maana, kata kwanza cha majaribio kwenye merikani au shuka. Neno merikani lenyewe lina umri: lilitokana na pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, katika karne ya 19. Leo kitambaa cha namna hiyo ndicho rafiki wa anayejifunza, kwa kuwa kinapokea chaki na kalamu bila kulalamika. Mvalishe mtu, chora moja kwa moja juu yake panapobana na panapopwaya, kifumue, na hicho ndicho kiwe ruwaza yako.

Mkono, kola, zipu

Mkono uliovimba na kujaa mikunjo begani ndiyo alama ya mwanafunzi. Kichwa cha mkono hukatwa kikiwa kirefu kuliko kwapa ili kukumbatia bega. Kwapa likiwa na mzunguko wa inchi 17, kichwa cha mkono kiwe 18 hivi. Kitenge chenye nta hakinywei kirahisi. Kwa hicho acha nusu inchi tu. Shona mistari miwili ya hatua ndefu, milimita 4 hadi 5, kati ya alama ya mbele na za nyuma: mmoja robo inchi kutoka ukingoni, mwingine karibu kufikia mstari wa mshono. Vuta nyuzi za bobini mpaka urefu ulingane na kwapa, usambaze mikunjo kwa ncha za vidole hadi ipotee, ipige mvuke wa pasi. Bana kwa pini ukianza na alama, kisha bega, kisha kwapani. Shona mkono ukiwa juu ili uione mikunjo inapotaka kuchungulia. Hauwi mzuri mara ya kwanza. Kata kwapa moja na mkono mmoja kutoka kwenye shuka, shona, fumua, shona, kisha kata vingine. Mikono ishirini ya namna hiyo, miwili kwa siku, ni siku kumi. Baada ya hapo watu wataanza kukuambia una mkono.

Kola: kipande cha juu kiwe kikubwa kuliko cha chini kwa thumuni ya inchi, ili mshono ujifiche chini. Ukifika nchani usigeuke ghafla. Piga hatua moja ya mshazari kukata kona, kisha endelea. Punguza kitambaa cha ziada karibu na ncha, geuza, na uisukume kwa kijiti cha mshikaki. Ukitumia ncha ya mkasi itatokeza nje, na hapo hakuna cha kufumua. Zipu: shona pande zake zote mbili kuelekea upande mmoja, kutoka chini kwenda juu. Ukipanda upande mmoja na kushuka mwingine, kitambaa husukumwa kinyume na zipu inatembea kama mjusi.

Na pasi. Piga kila mshono kabla mshono mwingine haujaukatiza. Ukitumia pasi ya mkaa, ipepee nje kwanza na uijaribu kwenye kitambaa chakavu. Cheche moja kwenye satini ni deni.

Anayeona haya ni mengi akamtazame mshonaji wa kofia ya vito huko Lamu au Unguja: kofia nzima imejaa vitundu, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano ya mkono, kimoja baada ya kingine, kwa wiki na miezi. Hapo hakuna mahali pa kujificha nyuma ya kipaji.

Kitambaa cha watu

Mwezi wa kumi huanza kuja wateja, na pamoja nao ugonjwa wa "njoo kesho". Watu husema mafundi ni waongo. Wengi wao hawajui kasi yao tu, kwa kuwa hawakuwahi kuipima. Andika saa ulipoanza na ulipomaliza kila nguo, tangu kukata hadi kifungo cha mwisho, pamoja na muda wa kufumua. Nguo tano za aina moja zikipita, una wastani wako. Usipokee sare za harusi kumi na mbili wiki ya kwanza ya Shaabani kwa sababu pesa ya utangulizi imekupendeza. Sare huharibika zote kwa kosa moja la ruwaza, na mteja wako siyo mmoja, ni kamati.

Kabla mteja hajaondoka, pima kitambaa mbele yake na umwandikie kimetimia yadi ngapi. Mrudishie vipande vinavyobaki, hata vidogo. Piga picha ukingo wa kitenge wenye maandishi ya kiwanda. Siku utakapokiharibu utahitaji kutafuta kilekile, na chapa huisha sokoni haraka.

Utakiharibu kimoja, hilo litegemee. Usingoje aje. Mpigie siku hiyohiyo, mweleze ulichokosea na utakachofanya, na kama kitambaa kinapatikana kinunue kwa pesa yako. Itauma, kwa sababu faida ya nguo tatu itaondoka na hiyo moja, na usiku utalala ukihesabu. Asubuhi andika sababu kwenye daftari kama ulivyoandika ya foronya. Kisha kata upya, polepole, baada ya kulinganisha alama mbele na nyuma, na kama hesabu yako inasema siku saba, mwambie mteja ni siku tisa.